Maji, Mbuyu na Nyoka: Ngano za Wazee katika Michezo ya Ebrahim Hussein

Jioni moja tuliketi na walimu wenzetu katika chumba cha orofani, si mbali na soko la Kariakoo, tukasoma kwa sauti mchezo wa Kinjeketile. Wachuuzi wa Mtaa wa Kongo walikuwa wakifunga bidhaa zao, na kelele zao zilipanda hata dirishani. Tulipofika mwisho, mzee mmoja aliyefundisha katekisimu miaka mingi alifunga kitabu akauliza, "Je, ndugu zangu, mtu huyu aliwadanganya watu, ama hakuwadanganya? Maana mwanafunzi akiniuliza, mimi sina jibu." Wengine wakasema aliwadanganya, kwa kuwa maji hayakuzuia risasi. Wengine wakasema hakuwadanganya, kwa kuwa aliamini mwenyewe. Tukaagana bila kupatana.

Tumeona yafaa kulitafakari swali hilo hapa. Kwa maana mwenye kulijua jibu lake ajua pia namna mtunzi huyu anavyozitumia ngano na imani za wazee, na sababu ya baadhi ya michezo yake kuishi hali mingine yalala vitabuni.

Ebrahim Hussein alizaliwa mwaka wa 1943 huko Kilwa, katika pwani ya kusini, nchi iliyo jirani na milima ya Wamatumbi ambako vita vya Maji Maji vilianza mwaka wa 1905. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Berlin ya Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akaandika tasnifu juu ya maendeleo ya michezo ya kuigiza katika Afrika Mashariki. Aliporudi alifundisha sanaa hiyo Dar es Salaam. Kinjeketile ilitoka mwaka wa 1969, Mashetani mwaka wa 1971, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja mwaka wa 1976, Arusi mwaka wa 1980, na Kwenye Ukingo wa Thim mwaka wa 1988. Baada ya hapo alijitenga na kelele za watu, akakaa kimya muda mrefu.

Kila mtu aliyelelewa na bibi ajua kwamba hadithi ya Kiswahili haianzi kwa kinywa cha mtambaji peke yake. Yeye husema "Paukwa", naye hungoja mpaka wasikiaji wamwitikie "Pakawa". Wasipoitikia, hakuna hadithi. Twaona kwamba jambo hili dogo ndilo ufunguo wa kazi ya Hussein. Katika michezo yake iliyo bora, ngano si pambo la jukwaani, wala si fumbo lenye mafunzo mwishoni. Ni neno lililotupwa katikati ya watu, nao wakaliitikia. Na wakiisha kuliitikia, si mali ya msemaji tena.

Tuangalie Kinjeketile. Historia yamjua mganga wa Ngarambe aitwaye Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka wa 1905, vita vilipokuwa vichanga. Mtunzi amekwisha kutuonya katika utangulizi wake kwamba mtu wa mchezo si yule wa historia. Huyu wa mchezo aingia mtoni, watu wanamngoja wakidhani amekufa, naye atoka akiwa na maji ya Hongo na habari za umoja. Makabila yaliyokuwa yakigombana yakubali kuwa kitu kimoja. Kisha Kinjeketile azinduka. Akumbuka kwamba alipokuwa amepagawa aliwaahidi watu kuwa watakuwa wana wa Seyyid Said, yaani watoke chini ya bwana mmoja waingie chini ya mwingine. Hapo aingiwa na shaka, ataka wangoje. Lakini hawangoji. Wamekwisha kuitikia.

Hapa ndipo ustadi wa mtunzi uonekanapo. Angaliweza kumfanya Kinjeketile shujaa asiye na shaka, na watu wa miaka ile ya mwanzo wa uhuru wangalimshangilia. Angaliweza kumfanya laghai, kama Wajerumani walivyomtaja. Hakufanya hivi wala vile. Mwishoni mtu huyu, akiwa mikononi mwa adui, aambiwa akiri kwamba maji ni uongo, naye akataa. Si kwa kuwa angali ana yakini na maji, bali kwa kuwa aona ya kwamba akiyakana, watoto wa kesho watafundishwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Ajua kwamba neno limemtoka na kwamba limekuwa kubwa kuliko yeye. Nasi tusisahau gharama yake. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa kwa vita na njaa, na wanahistoria wa baadaye wamekisia zaidi sana.

Vita hivyo vilikuwa vimekwisha kuingia katika fasihi yetu kabla ya Hussein. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ulichapishwa mwaka wa 1957. Lakini utenzi wasimulia yaliyotendeka, na mchezo wauliza ilikuwaje watu wakaamini. Swali hilo la pili ndilo jipya.

Katika Mashetani njia ni ile ile, ila uwanja ni mwingine. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wacheza chini ya mbuyu. Mmoja ni Shetani, mwingine ni Binadamu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba mbuyu ni makao ya mashetani. Ameonywa tangu utotoni asipite hapo saa za mchana mkali. Basi Kitaru, aliyejifanya Binadamu, aona kwamba mchezo haumwachi. Augua rohoni, na jamaa zake hawajui ugonjwa gani. Juma ni wa ukoo uliopoteza mali na cheo. Kitaru ni wa nyumba inayopanda. Shetani wa ngano za bibi amekuwa jina la kitu ambacho vijana hawa hawana jina jingine la kukiitia, yaani chuki na hofu kati ya walionacho na waliopoteza. Imani ya zamani haikudhihakiwa, wala haikusifiwa. Imefanywa iseme.

Tumepata faida kwa kumlinganisha na mtunzi wa Bara Hindi, Girish Karnad, aliyeandika kwa lugha ya Kikannada, akafariki mwaka wa 2019. Mchezo wake mkubwa wa ngano, Hayavadana, ni wa mwaka wa 1971, mwaka ule ule wa Mashetani. Mwingine, Naga-Mandala, watokana na hadithi alizosimuliwa na mwanachuoni A. K. Ramanujan, nao wahusu nyoka ajigeuzaye sura ya mume wa mtu. Humo Hadithi yenyewe yaingia jukwaani kwa umbo la mwanamke, imemtoroka bibi kizee aliyeijua asiisimulie. Karnad na Hussein wamefikia jambo moja kutoka pande mbili za bahari: kwamba hadithi ina uhai wake, na ya kuwa mtu hawezi kuimiliki kama amilikivyo jembe.

Lakini twapaswa kusema na lawama, kwa maana uhakiki usiolaumu ni sifa tupu. Hussein naye ana nyoka wake, katika Ngao ya Jadi. Nyoka awatisha watu, kijana amkabili, na wasomaji wengi wameona humo mfano wa ukoloni na wa uhuru uliofuata. Mchezo huo na mwenziwe Jogoo Kijijini ni vya mtambaji mmoja, kwa lugha ya kishairi iliyofungwa kama fundo. Twaheshimu ustadi wake. Hata hivyo tulipousoma kwa sauti, walimu wenzetu walinyamaza. Hawakukataa, hawakukubali, hawakujua pa kuingilia. Mtambaji asema "Paukwa", lakini mafumbo ni mazito hata msikiaji hapati nafasi ya kuitikia. Mtunzi aliyetuonyesha kwamba neno hukamilishwa na watu, hapa amebaki peke yake na neno lake. Twadhani ndiyo sababu Kinjeketile yachezwa na wanafunzi mwaka hata mwaka, na hivi viwili vyasomwa na wachache.

Wala mtu asidhani kwamba Hussein ni mtetezi wa kila desturi. Katika Kwenye Ukingo wa Thim, mchezo ambao wahakiki wameuhusisha na kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ya Nairobi, ya mwaka wa 1986 na 1987, mjane ashindana na ukoo wa mumewe juu ya maiti. Hapa mila imeitikiwa na wengi, na yule asiyeitikia asagwa. Kwa hiyo nguvu ile ile iliyowaunganisha Wamatumbi na jirani zao yaweza kumnyang'anya mwanamke haki yake. Mtunzi aijua nguvu hiyo pande zote mbili.

Haya yatuhusu sisi tufundishao. Tumezoea kumwuliza mwanafunzi, "Mchezo huu wafundisha nini?" naye huandika mstari mmoja juu ya umoja au ujasiri, akapata alama zake. Swali hilo lamfanya Kinjeketile kuwa methali. Afadhali darasa ligawanywe, wengine wawe Kinjeketile na Kitunda, wengine wawe watu wanaongoja kando ya mto, kisha waulizwe hao wa pili: "Ninyi mliamini lini, na kwa nini?" Tumejaribu hivyo, tukasikia majibu yasiyo katika kitabu cha mwongozo wowote.

Na jina la Kariakoo lenyewe ni ushahidi. Lilikuwa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi hapo katika vita vya 1914 hadi 1918. Wenye kulitunga wamekwenda zao. Vinywa vya watu vimelichukua, vikaligeuza, na leo ni jina la soko, la mtaa, na la maisha ya watu maelfu.

Basi tungemjibu mzee wetu hivi: Kinjeketile alisema neno, na watu wakaliitikia kwa sababu walikuwa na kiu nalo, wamechoka viboko na kazi ya pamba isiyo na ujira. Anayeuliza kama msemaji alikuwa mwongo, ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili yawahusu walioitikia; na kila mmoja wetu asimamaye mbele ya watu akasema neno, awe mwalimu au kasisi, yampasa ajiulize nusu zote mbili kabla hajafungua kinywa.