Babu katika vijitabu vya ukoo: maneno ya kupima

Hapa Mudaka kama vile Kabare yote, familia nyingi wanapenda kuandika kijitabu cha babu: picha moja, majina ya watoto, kisha sifa. Kazi nzuri. Lakini katika vile nilivyosoma, mzee ni yuleyule kila mara: ng'ombe wengi, rafiki ya mwami, hakuogopa muzungu. Sasa ni nani aliyelima kinini? Nani alibeba mizigo?

Tuangalie mwaka wa kuzaliwa. Wanaandika « 1910 » juu kitambulisho kinasema hivyo, kumbe karani alimtazama mtu usoni akakadiria tu. Njia ya wazee ni ya maana zaidi. Wanasemaka: alikuwa anachunga mbuzi wakati Wajerumani waliponyang'anya Idjwi. Hiyo ni 1914. Tena: alikuwa ameisha kuoa wakati Mwami Rugemaninzi alipopelekwa uhamishoni Léopoldville. Hiyo ni 1936. Mtoto wa kuchunga mbuzi ana miaka sita mpaka kumi na mbili. Basi mzee alizaliwa kati ya 1902 na 1908, na mke wake wa 1936 hashangazi mtu.

Neno linalonisumbua zaidi ni « shamba ni yetu tangu zamani ». Tangu zamani ya nani? Babu alitoa ng'ombe ya kalinzi kwa mkubwa gani, mbele ya mashahidi gani? Halafu, 1928, ilikuja ile Comité National du Kivu, na wazungu wakapata milima ya kupanda kahawa na kinini. Wenyeji wengine wakahama, wengine wakabaki kama vibarua mu udongo wa baba zao. Kijitabu kikiruka miaka hiyo, mjukuu atafika mbele ya tribinali na neno moja tu mkononi. Na bibi, ambaye mara nyingi ndiye anajua mti wa mupaka, hawamwulizi kitu! Anapewa mstari mmoja: « mama wa watoto saba ».

Kimoja nilikipenda. Kinasema wazi kwamba babu alitoroka kazi ya nguvu ya barabara, akajificha kwa wakwe zake. Mtoto mkubwa anasema miezi miwili, mdogo wake anasema mwaka muzima. Mwandishi hakuchagua, aliyaandika yote mawili, na jina la kila msemaji pembeni.