Kosa la Kitengo Namba 16

Mtaalamu wa mimea Frank White alikosea alipoikusanya pwani ya Afrika Mashariki katika kitengo kimoja cha mozaiki kwenye ramani yake ya uoto wa Afrika ya mwaka 1983, na kosa hilo linatugharimu hadi leo. Wasomaji wanaijua ramani yenyewe, ile ya UNESCO na AETFAT, chama cha wataalamu wa mimea ya Afrika ya tropiki, yenye skeli ya 1:5,000,000. Eneo la Zanzibar–Inhambane, kuanzia kusini mwa Somalia hadi mlango wa Limpopo, limewekwa ndani ya kitengo namba 16: misitu, vichaka, nyika zilizoota baada ya ukataji na mashamba, vyote pamoja. Vipande vikubwa vya misitu vilitengewa herufi, lakini hata hapo msitu mkavu na msitu wa mvua haikutenganishwa. Kitabu kilichoandamana na ramani kinaieleza misitu hiyo aina kwa aina, tena kwa ustadi mkubwa. Basi White aliijua tofauti, na ndiyo maana uamuzi wake hauna utetezi. Mpangaji wa matumizi ya ardhi hufungua ramani. Kitabu hubaki kwenye rafu.

Tazama kinachotokea kitengo hiki kikitumika kupima hali ya uhifadhi. Kigezo A cha Orodha Nyekundu ya Mifumo Ikolojia ya IUCN, iliyopitishwa mwaka 2014, kinauliza eneo limepungua kwa kiasi gani katika miaka 50: asilimia 30 mfumo unakuwa dhaifu, 50 uko hatarini, 80 uko hatarini kabisa. Sasa kata msitu, lima, uache shamba lirudi kichaka, kichaka kichomwe kiwe nyasi. Kila hatua imebaki ndani ya mozaiki ileile. Kitengo hakiwezi kupungua, kwa sababu mabaki ya uharibifu yalihesabiwa ndani yake tangu mwanzo. Mti wa mwisho unaweza kuanguka na jibu la kigezo A likabaki karibu na sifuri. Ni ugonjwa uleule ambao safu hii imeupigia kelele katika takwimu za FAO, ambazo kwa nusu hekta, mita tano za urefu na asilimia 10 ya kivuli, huruhusu shamba la mivinje lihesabiwe msitu.

Arabuko-Sokoke, kwenye pwani ya Kenya, inatosha kuonyesha kilichopotea. Msitu huo una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake mna jamii tatu za mimea zinazofuata udongo na mvua: msitu mchanganyiko upande wa mashariki wenye mvua zaidi, mirihi kwenye mchanga mweupe usio na rutuba katikati, na miti ya Cynometra kwenye mchanga mwekundu wa magharibi. Bundi mdogo wa Sokoke anashikamana na Cynometra. Ndege ameuona mpaka ambao ramani imeukataa. Na J. C. Moomaw aliuona pia: katika utafiti wake wa pwani ya Kenya wa mwaka 1960 alizitaja jamii hizi kwa miti inayozitawala, Cynometra na Manilkara upande mmoja, mrihi na mbambakofi upande mwingine. Karibu robo karne baadaye, tukarudishwa nyuma.

Watetezi wa White husema skeli ilimfunga mikono. Ni kweli kwamba kwenye ramani ile Arabuko-Sokoke yote haifiki milimita 17 za mraba. Lakini skeli inazuia kuchora mpaka. Haizuii kuorodhesha jamii katika maelezo ya rangi na kuonya kwamba rangi hiyo isipimwe kama kitu kimoja. Hoja ya pili ina uzito zaidi: ukigawa mno, kila kipande kitakuwa kidogo, na kila kidogo kitaitwa kilicho hatarini. Kigezo B cha orodha ileile, kinachohusu udogo wa eneo, hata hivyo hakitosheki na udogo peke yake. Kinadai ushahidi wa kuendelea kupungua au tishio la karibu. Na mgawanyo unaofuata udongo, miti na wanyama si kukatakata ovyo. Mgawanyo huo haukuletwa na mtafiti Clarke pia: mwaka 1998 aliipa pwani hadhi ya kituo cha mimea isiyopatikana kwingine, alichokiita “Swahilian”, hatua njema, ila alihesabu spishi, hakuzipanga jamii.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye kigezo D, kinachopima kuvurugika kwa uhai wenyewe. Muhugu umekatwa miaka mingi kwa ajili ya vinyago, mti mmoja mmoja, bila kufungua uwazi wa kuonekana kutoka juu. Hasara ya namna hiyo inapimwa tu pale jamii yenye muhugu inapotambuliwa peke yake, na idadi ya miti yake mikubwa kulinganishwa na visiki vilivyobaki. Tathmini yoyote ya pwani inayoanza na kitengo namba 16 irudishwe kwa waandishi, waanze na orodha ya Moomaw.