Wimbo Unaosema: Mgawanyiko wa Wasikilizaji juu ya "Brownsville Girl" ya Bob Dylan

Kazi ya sanaa ambayo watu wote wameafikiana juu yake haimpi mhakiki shughuli kubwa. Ile iliyowagawanya wasikilizaji wenye ujuzi ulio sawa ndiyo inayomlazimu ajiulize vipimo vyake amevitoa wapi. Makala haya yanachunguza kazi moja ya namna hiyo, nayo ni wimbo "Brownsville Girl" wa Bob Dylan, mtunzi na mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1941 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016.

Wengi wamjuao Dylan wamjua kwa nyimbo zake za miaka ya 1960, zile za kupinga vita na ubaguzi, na zile alizoanza kuzipigia gitaa la umeme mwaka 1965, akawaudhi wapenzi wa muziki wa kienyeji waliomwona kuwa mrithi wa Woody Guthrie. "Brownsville Girl" haumo katika hazina hiyo ijulikanayo. Hata hivyo, miongoni mwa waliousikiliza ni nadra kumpata asiye na upande. Wako wauitao kilele cha utunzi wake katika miaka ya 1980, na wako wauonao kuwa porojo ndefu iliyopambwa kwa makelele. Nia yetu ni kupima hoja za pande hizi, kisha kutoa rai yetu.

1. Asili ya wimbo

Wimbo huu ni wa watunzi wawili. Mshirika wa Dylan alikuwa Sam Shepard, mwandishi wa tamthilia aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1979 kwa Buried Child, ambaye aliwahi kufuatana na Dylan katika ziara ya muziki ya mwaka 1975. Ulirekodiwa mara ya kwanza Desemba 1984 kwa jina la "New Danville Girl", lakini ukaachwa nje ya santuri iliyofuata, Empire Burlesque ya mwaka 1985. Mwaka 1986 Dylan aliurudia. Msingi wa ala ulibaki ule ule, maneno kadhaa yakabadilishwa, na sauti za waimbaji wa kike pamoja na ala za kupulizwa zikaongezwa. Ndipo ukatolewa Julai mwaka huo katika santuri ya Knocked Out Loaded.

Santuri hiyo haikupokewa vizuri. Ilikuwa na nyimbo 8 tu za muda wa dakika 35 hivi, na kadhaa kati yake zilikuwa za watunzi wengine. Katika mkusanyiko huo hafifu, wimbo mmoja ulichukua dakika 11, yaani karibu theluthi nzima. Aliyeiweka santuri kando aliuweka kando na wimbo. Dylan naye hakuutangaza jukwaani. Unahesabiwa kuwa aliupiga mara moja tu, huko Paso Robles, California, Agosti 1986. Uliingizwa katika mkusanyo wa nyimbo zake teule mwaka 1994, na lile toleo la 1984 likatolewa rasmi mwaka 2021.

2. Kisa chenyewe

Msimulizi aanza kwa kukumbuka filamu aliyowahi kuiona, ya mpiga bastola aliyechezwa na Gregory Peck. Kijana mwenye uchu wa kujipatia jina ampiga risasi. Wenyeji wataka kumnyonga kijana huyo, lakini mpiga bastola akiwa katika kukata roho aomba aachiliwe aende zake, ili naye aonje maisha ya kuviziwa na mauti kila saa. Maelezo haya yanalingana na The Gunfighter, filamu iliyoongozwa na Henry King mwaka 1950.

Kutoka hapo msimulizi aingia katika kumbukumbu za mwanamke aliyesafiri naye hadi San Antonio, kisha akampotea huko Mexico. Sasa yumo garini na mwanamke mwingine. Wawili hawa wafika Amarillo kumtafuta mtu fulani, wasimkute, wakapokewa na mwanamke aliyechoshwa na maisha ya hapo. Baadaye twasikia habari za risasi, za mahakama, na za ushahidi wa mwanamke uliomwokoa msimulizi. Kila mara, kisa kabla hakijatua, msimulizi arudi kwenye filamu, au kwenye foleni anamosimama mvuani kungoja filamu nyingine ya Peck ambayo hata hajui inahusu nini.

3. Hoja za wanaoulaumu

Lawama ya kwanza ni kwamba huu si wimbo. Dylan husema maneno zaidi ya kuyaimba. Mistari yake ina urefu usiolingana, na mingine humlazimu kukimbiza maneno ili yaenee katika pigo. Lawama ya pili ni kwamba kisa hakina mshikamano. Hatuambiwi aliyepigwa risasi ni nani, wala mwanamke wa kwanza alifikwa na nini. Lawama ya tatu inawahusu waitikiaji, ambao sauti zao zasemekana kuwa kubwa mno kwa kisa cha mtu mmoja anayejisemea.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na lawama ile ya kwanza. Ni jirani ya ile iliyotolewa juu ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, pale waliolelewa katika kanuni alizozieleza Amri Abedi mwaka 1954 walipouliza kama tungo zisizo na vina na mizani zaweza kuitwa mashairi. Swali hilo lina haki yake, lakini halimalizi hoja. Kusema kwamba kazi haikufuata umbo fulani ni kuieleza. Kuipima ni kuuliza umbo ililojichagulia linafanya kazi gani. Nasi twaweza kulijibu swali hilo kwa kutazama jinsi filamu inavyotajwa mwanzoni na mwishoni. Mwanzoni msimulizi aikumbuka kwa utimilifu: jangwa, kijana, hasira za wenyeji, maneno ya anayekufa. Mwishoni, baada ya dakika 11, hakumbuki ila kwamba Peck alikuwamo, alivaa bastola, akapigwa mgongoni. Hajui hata yeye mwenyewe alikuwa nani wakati ule, wala alikuwa akielekea wapi. Kumbukumbu imeliwa mbele ya masikio yetu. Kutangatanga kwa kisa, basi, ndiko maudhui yenyewe. Kisa kilichonyooka kingemwongopea msikilizaji juu ya mtu huyu.

4. Hoja za wanaousifu

Wapo wanaousifu kwa njia ambayo nayo ina kasoro. Huuita hadithi fupi, hutaja jina la Shepard, huonyesha ufundi wa mazungumzo na wa mandhari, kisha hunyamaza juu ya sauti. Wengine husema waziwazi kwamba ingefaa tuyasome maneno karatasini, tusije tukapotezwa na muziki.

Rai hii yapaswa kututia wasiwasi sisi tufundishao fasihi simulizi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi simulizi ya Kiafrika ipewe nafasi ya msingi katika mafunzo, hawakuomba iingizwe kwa sharti la kuvuliwa sauti. Lakini aghalabu ndivyo itokeavyo darasani. Mwanafunzi hupewa ngano iliyopigwa chapa, kiitikio kimefupishwa kwa nukta tatu, naye huulizwa maswali ya wahusika na mafunzo. Tukimsifu Dylan kwa kumgeuza mwandishi wa hadithi, tutakuwa tumempa heshima ile ile iliyoinyima ngano uhai wake.

Sauti katika wimbo huu yabeba maana ambayo maandishi hayawezi kuibeba. Msimulizi anapofika kwenye jambo la kumwumiza, huliharakisha kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mdai wake. Anapofika kwenye upuuzi, huuvuta kwa madaha. Karatasini mistari hiyo miwili yaweza kuonekana kuwa na uzito mmoja. Masikioni yatofautiana kama usiku na mchana.

5. Toleo lipi?

Upande wa tatu ni wa wale waupendao wimbo lakini walipendao toleo la 1984. Hoja yao ndiyo nzito kuliko zote. Wanasema, na kwa kweli, kwamba katika toleo hilo Dylan aimba kwa utulivu na upweke wake wasikika bila pazia. Ikiwa wimbo unahusu mtu aliyebaki peke yake na kumbukumbu zake, kundi zima la waitikiaji latafuta nini?

Hata hivyo, sisi twalichagua toleo la 1986. Katika toleo la kwanza hatuna wa kumwuliza msimulizi. Alisemalo ndilo, na huzuni yake yageuka kuwa sifa yake. Katika toleo la pili waitikiaji hawaishii kuupamba wimbo. Humjibu, humkuza, na mara nyingine humtania papo hapo anapojikweza. Wanafanya kazi ifanywayo na hadhira ya ngano, ambayo humwitikia mtambaji na wakati huo huo humkumbusha kwamba yuko mbele ya watu. Na kwa kuwa hao wote ni wanawake, na kisa chote kinahusu wanawake walioachwa, waliopotea au waliomwokoa mwanamume huyu, kuwapo kwao kunaingiza katika wimbo ule upande ambao msimulizi hakuupa nafasi ya kusema. Twakiri kwamba mahali pengine sauti hizo zimezidi kiasi, na kwamba ala za kupulizwa zina harufu ya studio za wakati ule. Lakini kasoro hiyo ya mapambo haifuti faida ya mpango wenyewe.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba pande hizi hazibishani juu ya jambo moja. Wa kwanza wapima lahani, wa pili wapima kisa, wa tatu wapima ukweli wa hisia, na kila mmoja hukiona kipimo chake kuwa ndicho cha sanaa nzima. Wimbo huu wahitaji msikilizaji avishike vyote vitatu kwa pamoja, na pengine ndiyo sababu haukupata wengi. Mwaka 1997, Dylan alipopewa heshima ya Kennedy Center mjini Washington, aliyesimama kumsifu alikuwa Gregory Peck mwenyewe, naye aliutaja wimbo huu. Uhakiki uliouacha uzame pamoja na santuri yake haukuwa na udhuru huo wa kutajwa jina.

Kwa walimu wa fasihi simulizi pendekezo letu ni fupi. Matoleo yote mawili yasikilizwe darasani kabla maneno hayajagawiwa kwa maandishi, na mwanafunzi aulizwe nani anasema, nani anajibu, na nini kimebadilika kati ya 1984 na 1986. Kisha aulizwe maswali hayo hayo juu ya ngano ya kwao.