Taji, Karo na Gharama ya Kuhukumiwa: Uhakiki wa Filamu ya Miss Juneteenth

Filamu ya Miss Juneteenth, iliyoandikwa na kuongozwa na Channing Godfrey Peoples, ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2020. Filamu hii inahusu shindano la ulimbwende la wasichana Weusi katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, nchini Marekani. Mshindi hupata taji pamoja na ufadhili kamili wa masomo katika chuo kikuu chochote miongoni mwa vile vilivyoanzishwa kihistoria kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Uhakiki huu unachunguza uhusiano kati ya taji hilo na karo. Hoja yake ya msingi ni kwamba filamu inafaulu inapoonesha gharama ambayo msichana Mweusi na familia yake huilipa ili elimu ipatikane kwa kuhukumiwa jukwaani, lakini inasita pale inapopaswa kuihukumu njia yenyewe.

Ili uzito wa hoja hii ueleweke, ni vyema kuitazama historia ya mashindano hayo. Shindano la Miss America lilianza mwaka 1921 katika mji wa Atlantic City, na kuanzia mwaka 1945 likaanza kutoa ufadhili wa masomo kwa mshindi. Hata hivyo, katika miaka ya 1930 kanuni zake zilitamka wazi kwamba mshiriki lazima awe Mzungu. Kanuni hiyo ilikuja kuondolewa, lakini hadi mwaka 1970 ndipo Cheryl Browne, aliyewakilisha jimbo la Iowa, alipokuwa mshiriki Mweusi wa kwanza katika fainali za kitaifa. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1968, Wamarekani Weusi walikuwa wameandaa shindano lao la Miss Black America katika mji huohuo wa Atlantic City. Mwaka 1983 Vanessa Williams, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Syracuse, alivikwa taji la Miss America akiwa Mweusi wa kwanza kulipata. Mwaka uliofuata alilazimika kulivua baada ya jarida moja kuamua kuchapisha picha zake za utupu bila ridhaa yake. Aliombwa radhi jukwaani mwaka 2015, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Historia hii inadhihirisha kwamba msichana Mweusi aliyetafuta karo kwa njia ya taji alikutana na hukumu mara mbili: kwanza alihukumiwa iwapo anastahili kuingia, na alipoingia akahukumiwa iwapo anastahili kubaki.

Peoples ameuelewa urithi huo, lakini hakuchagua kusimulia habari za jukwaa la Wazungu. Shindano lake ni la Weusi wenyewe, na limepewa jina la sikukuu ya tarehe 19 Juni. Siku hiyo mwaka 1865, watumwa wa Texas walitangaziwa huko Galveston kwamba wako huru, ilhali tamko la kuwaachia huru lilikuwa limetolewa tangu tarehe 1 Januari 1863. Uhuru uliochelewa ndio taashira kuu ya filamu. Mhusika mkuu, Turquoise Jones, alitwaa taji hilo mwaka 2004, lakini maisha yake hayakufuata njia iliyotarajiwa: alipata mtoto, na masomo hayakukamilika. Anapomwandaa binti yake Kai kuwania taji lilelile, ni kama anadai deni lake la miaka mingi kupitia mwili wa mwanawe.

Ubora wa kwanza wa filamu umo katika usawiri wa kazi. Katika simulizi nyingi za ulimbwende, urembo huoneshwa kama kipaji au bahati. Hapa urembo ni kibarua. Turquoise anafanya kazi katika baa, anasafisha na kuhudumia wateja, na pia anawapamba maiti kabla ya mazishi. Mikono hiyohiyo inayomfundisha binti namna ya kusimama jukwaani ndiyo inayowapaka poda wafu. Kwa mbinu hii msanii anatuonesha kinaya kisichohitaji maelezo: mwanamke aliyewahi kutuzwa kwa uzuri wake sasa anauza ujuzi wa uzuri kwa wasioweza tena kujitazama. Aidha, gauni la shindano linakuwa chanzo cha mgogoro katika familia. Ufadhili unaoitwa wa bure unadai fedha kabla haujatolewa, na fedha hizo zinatafutwa na mama asiye na akiba.

Ubora wa pili ni uchambuzi wa tabaka. Kimberlé Crenshaw, katika makala yake ya mwaka 1989, alionesha kwamba ukandamizaji wa mwanamke Mweusi hauwezi kuelezwa kwa rangi pekee wala kwa jinsia pekee, kwa kuwa mambo hayo hukutana katika maisha ya mtu mmoja. Filamu hii inaongeza ngazi nyingine. Katika shindano ambalo washiriki wote ni Weusi, rangi haimtengi mtu, lakini ukata unamtenga. Wasichana wanafundishwa adabu za mezani na mwenendo wa kibibi, na wanaofundisha wanafahamu vyema historia ya Turquoise. Macho yao yanamkumbusha kwamba taji lake halikufuta alikotoka. Kwa hiyo, taasisi iliyoundwa ili kujibu ubaguzi inabeba ndani yake kipimo kingine cha heshima, na kipimo hicho kinamwangukia zaidi msichana ambaye mama yake hufanya kazi usiku.

Kilele cha mvutano kati ya mama na binti ni sehemu ya kipaji. Turquoise anataka Kai aghani shairi la Maya Angelou liitwalo “Phenomenal Woman”, kama alivyofanya yeye mwenyewe. Kai anapenda kucheza dansi, naye anaona shairi hilo ni vazi la mtu mwingine. Hatimaye analighani, lakini kwa mapigo na mwendo wa mwili wake. Mhakiki anaona kwamba hapa ndipo filamu inapotoa jibu lake la kisanaa kuhusu urithi: mtoto halazimiki kuukataa wosia wa mama, wala kuukariri, anaweza kuupokea kwa sauti yake. Kai hashindi taji. Hata hivyo, mama anayemtazama kutoka kwenye viti anamwona binti yake kwa mara ya kwanza, badala ya kujiona yeye mwenyewe.

Pamoja na mafanikio hayo, kuna udhaifu ambao haupaswi kufumbiwa macho. Mwishoni Turquoise anapata umiliki wa baa aliyoitumikia, na mtazamaji anaachwa na matumaini. Suluhisho hili linajibu swali la mama, lakini swali la binti linabaki wazi: karo ya Kai italipwa na nani? Filamu ilianza kwa kutuambia kwamba elimu ya chuo kikuu ndiyo sababu ya jasho lote. Inamalizika kana kwamba swali hilo limejibiwa na upendo. Mtetezi wa filamu anaweza kusema kwamba kazi ya sanaa si kutoa bajeti. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni filamu yenyewe iliyotuzoesha kuhesabu kila dola. Isitoshe, historia ya Turquoise ni ushahidi kwamba hata mshindi hana uhakika. Ufadhili ulilipia masomo. Haukulipia maisha ya msichana aliyekuwa mama. Hivyo basi, kushindwa kwa Kai na ushindi wa mama yake vinaelekeza kwenye hitimisho moja ambalo filamu haitaki kulitamka: haki ya elimu imegeuzwa kuwa zawadi, na zawadi kwa kawaida humfikia mmoja.

Kwa kuhitimisha, Miss Juneteenth haiwadhihaki washiriki wala haiwatukuzi waandaaji. Inawapa wasichana Weusi heshima ya kuonekana kama watu wenye hiari, hata pale wanapotembea mbele ya waamuzi. Inaonesha pia kwamba jukwaa la Weusi lilikuwa kimbilio halisi kwa waliofungiwa milango kwingine. Lakini thamani yake kubwa kwa mtafiti imo katika kile inachokionesha bila kukikemea. Kai anashuka jukwaani akiwa huru kutokana na ndoto ya mama yake, lakini hajawa huru kutokana na karo. Uhakiki unaoishia kwenye uhuru wa kwanza utakuwa umeisoma nusu ya filamu.