Gordon, Fundi wa Utumbo

Katika maabara ya Jeffrey Gordon, Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, panya huishi ndani ya mahema ya plastiki yanayopitisha mwanga. Hewa wanayovuta imechujwa. Chakula, maji na hata matandiko yao husafishwa mpaka kisibaki kijidudu hata kimoja. Hakuna anayewagusa kwa mkono mtupu: mtafiti huingiza mikono katika glavu nene zilizoungwa kwenye ukuta wa hema, na kila kifaa hupitia kijichumba chenye milango miwili na kupuliziwa dawa kabla mlango wa ndani haujafunguliwa. Kinyesi cha panya hao hupimwa mara kwa mara. Akionekana bakteria asiyealikwa, kazi ya miezi imekwenda na maji.

Wanyama wa namna hiyo hawakuvumbuliwa na Gordon. Wanasayansi walikuwa wakiwafuga tangu katikati ya karne iliyopita. Umahiri wake uko katika swali alilowabebesha. Mgonjwa akionekana ana bakteria tofauti na mtu mzima wa afya, je, bakteria hao ndio waliomletea ugonjwa, au ugonjwa ndio uliowabadili bakteria? Ukimtazama mgonjwa peke yake hutapata jibu, hata umtazame mwaka mzima. Unahitaji utumbo usio na kitu, uweke ndani yake unachokitaka, kisha ungoje.

Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo kwangu ni kipimo cha kazi safi. Panya mchanga anapokaribia kuachishwa ziwa, seli za utumbo wake mwembamba huanza kutengeneza molekuli zenye sukari iitwayo fukosi. Kwa panya asiye na vijidudu, kazi hiyo huanza, kisha hukatika. Waliingiza aina moja tu ya bakteria, Bacteroides thetaiotaomicron, na fukosi ikarudi. Wengi wangeishia hapo na kutangaza ushindi. Wao wakamchukua bakteria yuleyule, safari hii akiwa ameharibiwa jeni asiweze kuitumia fukosi, wakamweka katika panya wengine. Fukosi haikurudi. Kumbe bakteria huyu hakuwa mpangaji aliyejikalia tu. Alikuwa akiuagiza utumbo umwandalie chakula anachokimudu.

Umaarufu ulikuja baadaye, kwa habari za unene. Mwaka 2004 kundi lake lilionyesha kwamba panya wasio na vijidudu, wakiwekewa bakteria wa panya wa kawaida, huongezeka mafuta mwilini kwa asilimia 60 ndani ya wiki mbili, ilhali wanakula kidogo kuliko awali. Miaka miwili baadaye likaonyesha kuwa bakteria wa panya mnene hunenepesha kuliko wa panya mwembamba. Ni kazi nzuri, na ndiyo inayotajwa kila mahali. Mimi naiweka nafasi ya pili. Kazi yake kubwa zaidi inahusu watoto wenye njaa.

Huko Malawi, pamoja na Mark Manary, daktari wa watoto aliyepambana na utapiamlo nchini humo kwa miaka mingi, walifuatilia jozi 317 za mapacha katika miaka 3 ya mwanzo ya maisha yao. Katika asilimia 43 ya jozi hizo, pacha mmoja alipata utapiamlo na mwenziwe akasalimika. Nyumba moja, mama mmoja, chungu kimoja cha nsima, yaani ugali. Mtoto mmoja kavimba miguu kwa unyafuzi, mwenziwe anacheza uani. Hali ilikuwa hivyo hata kwa mapacha wa yai moja, kwa hiyo urithi peke yake haukutosha kuieleza.

Mmoja alipougua unyafuzi, wote wawili walipewa chakula tiba cha karanga. Nilipolisoma hilo nilitulia kidogo. Angepewa mgonjwa peke yake, usingejua tena tofauti ya matumbo yao imeletwa na ugonjwa au na dawa.

Kisha bakteria kutoka kinyesi cha mapacha hao wakawekwa katika panya wa St. Louis, na panya wakaandaliwa mlo wa Kimalawi wenye unga wa mahindi, mboga za majani, maharage na karanga. Waliopata bakteria wa mtoto mgonjwa na mlo huo walikonda vibaya. Waliopata bakteria haohao na chakula cha kawaida cha maabara hawakukonda hivyo. Waliopata bakteria wa pacha mzima na mlo wa Kimalawi nao hawakufikia hali ile. Kumbe madhara yalitoka pale mlo ule na bakteria wale walipokutana. Na panya waliokonda walipopewa chakula tiba walipata nafuu, lakini waliporudishwa kwenye mlo wa awali nafuu hiyo haikudumu. Muuguzi yeyote wa kituo cha lishe amewahi kumpokea mtoto yuleyule mara ya pili.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kufikia hapo kampuni nyingi zingeshachapa lebo za vidonge. Gordon alikwenda Mirpur, mtaa wa watu maskini jijini Dhaka, akashirikiana na Tahmeed Ahmed wa kituo cha utafiti cha icddr,b. Walikusanya kinyesi cha watoto wenye afya mwezi hata mwezi, wakaona kuwa jamii ya bakteria hukua kwa hatua, kiasi cha mtu kuweza kukisia umri wa mtoto kwa kuitazama. Watoto wenye utapiamlo walikuwa na bakteria wa mtoto mdogo kuliko wao.

Ndipo wakatafuta vyakula vya kuwakomaza bakteria hao. Walivijaribu kwa panya, kisha kwa watoto wa nguruwe, kisha kwa watoto wachache. Mchanganyiko uliofaulu ulikuwa na dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Mwaka 2021 wakatoa matokeo ya jaribio la watoto 123 wa Mirpur, wa miezi 12 hadi 18. Chakula hicho kilikuwa na nishati pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko kile cha kawaida cha kulinganishia, lakini watoto waliokila kwa miezi mitatu waliongezeka uzito kwa kasi zaidi, na katika damu yao zikaonekana protini zinazohusika na ukuaji wa mifupa na ubongo.

Watoto 123 ni wachache, na Mirpur si dunia nzima. Hata hivyo, kutoka fukosi ya panya hadi kijiko cha dengu ni miaka 25, na hakuna ngazi iliyorukwa. Mitaani kwetu wapo wanaouza dawa za kusafisha utumbo na makopo ya bakteria wazuri. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji: waliokula dawa hii walilinganishwa na nani?