Mshipa Upi? Tahakiki ya Istilahi za Tiba ya Kiharusi kwa Umeme

Mfasiri wa maandishi ya tiba hana budi kukumbuka kwamba msomaji wake wa mwisho si daktari, bali ni yule atakayeushika mguu wa mgonjwa. Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya kijikaratasi kimoja, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kihusucho matumizi ya umeme katika kumrejeshea mwendo mtu aliyepatwa na kiharusi. Tulikisoma mjini Chunya mbele ya jamaa wa mgonjwa, ili tuone kama kinaeleweka. Jamaa hao humpeleka mgonjwa wao Mbeya mjini, umbali wa kilomita 70 hivi, kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo. Siku nyingine zote kazi ni yao wenyewe.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ubongoni. Sehemu ya ubongo iliyodhurika hushindwa kutoa amri, na huenda mgonjwa asiweze kuinua unyayo apigapo hatua. Vidole huburura chini, naye hujikwaa. Mwaka 1961, W. T. Liberson na wenzake wa Marekani walieleza kifaa cha kusaidia hali hiyo. Kibandiko huwekwa chini kidogo ya goti, upande wa nje, inapopita neva ya misuli iinuayo unyayo. Swichi huwekwa chini ya kisigino. Kisigino kinyanyukapo, umeme hafifu hupita na unyayo huinuka. Kikanyagapo tena, umeme hukatika. Vifaa vingi vya baadaye vimefuata wazo hilo.

Sasa tuitazame tafsiri. Kijikaratasi kinaeleza kuwa kiharusi ni kuharibika kwa mshipa, kisha kinaagiza kibandiko kiwekwe “juu ya mshipa”. Mshipa wa kwanza ni wa damu, nao uko kichwani; wa pili ni neva, nayo iko karibu na goti. Kiswahili cha mazoea huviita vyote viwili mshipa. Mzee mmoja alipoulizwa angekiweka wapi kibandiko, alionyesha mshipa wa damu uliotuna kwenye shavu la mguu. Mzee hakukosea, alitii maandishi.

Wako watakaotetea “mshipa wa fahamu”. Istilahi hiyo ni halali, lakini jina refu hukatwa na wasemaji, na kinachobaki ni mshipa uleule. “Neva” ni fupi, na halichanganyiki na damu. Lielezwe mara ya kwanza litajwapo, kisha litumike peke yake.

Kosa la pili ni “uchochezi wa umeme”. Kwa raia wa kawaida, uchochezi ni kosa la kumfikisha mtu mahakamani. Wengine wamependekeza “uamshaji”, neno tamu masikioni. Hata hivyo, aliyeamshwa hutarajiwa kubaki macho, ilhali unyayo huu huinuka kwa msaada wa umeme, na umeme ukikatika waweza kulegea tena. Neno lisiahidi uponyaji ambao tiba yenyewe haiuahidi. Kwa maoni yetu “usisimuaji” lafaa zaidi, kwani kinachosisimka husisimka kwa muda tu.

Kosa la tatu ni “mishtuko ya umeme”. Mkazi wa Chunya, kama Mtanzania yeyote, ajua kuwa mshtuko wa umeme huua. Binti wa mgonjwa alikirudisha kijikaratasi alipofika hapo. Umeme unaozungumzwa ni hafifu, nao huja kwa vipindi vifupi, kwa kawaida kati ya 20 na 50 kwa sekunde. Tuviite “mapigo ya umeme”, kwa mfano wa mapigo ya moyo.

Mwisho, “ukarabati” tuuachie majumba na magari. Wizara ya Afya hutumia “utengamao”, nalo latokana na kutengamaa, ambako ndiko mgonjwa akutakako.

Hivyo, badala ya “uchochezi wa mshipa kwa mishtuko”, tunapendekeza “usisimuaji wa neva kwa mapigo ya umeme”. Istilahi hii ni ngeni, na haikosi kasoro; lakini mtu akiisoma hataweka kibandiko mahali pasipostahili. Wasomaji wenye maoni mengine, hasa wanaoishi na wagonjwa, wanaombwa wayalete yajadiliwe kabla ya istilahi kusanifiwa.