"Mvua Nyeusi": Shajara Inapogeuka Shahidi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuanze na kosa ambalo sote tumewahi kulitenda. Mwanafunzi anapoulizwa dhamira ya kazi inayohusu vita, aghalabu huandika sentensi moja: "Mwandishi analaani vita." Jawabu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Karibu kila mtunzi aliyeandika kuhusu vita amevilaani. Kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni swali analouliza baada ya kuvilaani. Mtahini hutafuta swali hilo, na ndilo linalofaa kutafutwa na msomaji yeyote makini.

Makala haya yanahakiki riwaya ya Kijapani iitwayo Kuroi Ame, yaani "Mvua Nyeusi", ya Ibuse Masuji. (Wajapani hutanguliza jina la ukoo.) Najua huenda usitahiniwe juu yake. Nimeichagua kwa sababu inahusu tukio ambalo ni rahisi mno kulieleza kwa vilio na chuku, nayo imekataa njia hiyo. Tena inauliza swali gumu kuliko lile la ubaya wa vita: ukumbusho huandikwa kwa ajili ya nani, na mwandishi afanye nini iwapo ukweli anaouhifadhi utamdhuru mtu anayempenda?

Usuli wa Riwaya

Mnamo tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima. Siku tatu baadaye bomu la pili liliangushwa Nagasaki. Inakadiriwa kuwa kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki. Wengi waliteketea papo hapo. Wengine walionekana wazima, kisha baada ya siku au majuma wakaanza kunyonyoka nywele, kuvuja damu na kufa kwa maradhi yaliyoletwa na mionzi. Mvua iliyochanganyika na masizi na vumbi la mionzi ilinyesha katika baadhi ya sehemu za mji na viunga vyake. Jina la riwaya limetokana na mvua hiyo.

Wajapani huwaita manusura wa mabomu haya hibakusha. Kwa miaka kadhaa baada ya vita, utawala wa kijeshi wa Marekani nchini Japani ulidhibiti yaliyochapishwa juu ya mabomu hayo. Manusura walikumbana pia na ubaguzi wa majirani: waliogopwa kazini, na zaidi waliogopwa katika ndoa, kwani watu walihofu maradhi yao na afya ya watoto watakaozaliwa.

Ibuse alizaliwa mwaka wa 1898 katika mkoa wa Hiroshima, lakini hakuwamo mjini siku ya bomu. Aliitunga riwaya yake kwa kutegemea shajara halisi ya manusura mmoja pamoja na ushahidi wa watu wengine. Ilichapishwa kwa mfululizo katika jarida la fasihi kuanzia mwaka wa 1965, ikatoka kama kitabu mwaka wa 1966. Alifariki mwaka wa 1993.

Msuko kwa Ufupi

Shigematsu na mkewe Shigeko wanaishi katika kijiji cha Kobatake, mbali na Hiroshima. Miaka kadhaa imepita tangu vita kwisha. Wanamlea Yasuko, mpwa wao, msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Kila posa inapokuja huvunjika, kwa maana kuna uvumi kijijini kuwa siku ya bomu Yasuko alikuwa akifanya kazi katikati ya mji, kwa hiyo ni mgonjwa wa mionzi.

Posa nyingine nzuri inapoletwa, Shigematsu anaamua kuukata mzizi wa fitina. Atanakili shajara ya Yasuko ya siku zile na kumkabidhi mshenga, ili upande wa mwanamume uone kwa macho yake kwamba msichana hakuwa mjini bomu lilipolipuka. Kisha anaongeza shajara yake mwenyewe, kwani yeye alikuwa karibu zaidi na mlipuko na bado yu hai. Anakusudia pia nakala yake ihifadhiwe katika shule ya msingi ya kijiji. Riwaya yote inasonga mbele kwa kupishanisha maisha ya kijijini na kurasa hizo zinazonakiliwa.

Kabla kazi haijaisha, posa inavunjika. Yasuko anaanza kuugua.

Usimulizi na Muundo

Wanafunzi wetu wanaifahamu mbinu rejeshi na mbinu ya hadithi ndani ya hadithi. Humu mbinu hizo mbili zimeunganishwa kwa sababu maalumu. Shajara zinaturudisha mwezi wa Agosti 1945. Ukurasa ukiisha, tunarudi kijijini ambako mwenye kunakili anakula, anajadiliana na mkewe, anatazama samaki wake. Kwa hiyo wakati uliopita haukai mbali. Kila mara tunaona mkono unaoandika, na tunajua una haja gani.

Tena sauti si moja. Kuna shajara ya Shigematsu, kuna ya Yasuko, kuna maelezo ya Shigeko kuhusu chakula walichokula wakati wa vita, na kuna kumbukumbu za daktari Iwatake, aliyeunguzwa vibaya na bomu lakini akapona. Hakuna hata mmoja anayeona tukio zima, wala hakuna msimulizi wa juu anayekuja kutujumuishia. Mtahiniwa akiulizwa athari ya mbinu hii, aseme hivi: msomaji analazimika kuuunga ukweli kutoka vipande, kama walivyofanya manusura wenyewe waliokuwa hawajui hata jina la silaha iliyowapiga.

Kinaya

Kinaya ndio uti wa mgongo wa riwaya hii, nacho kiko katika ngazi mbili.

Ya kwanza ni ya matukio madogo. Mji umeteketea, lakini Shigematsu anatumwa na kiwanda chake kutafuta makaa ya mawe. Anakwenda kwenye afisi ambazo hazipo tena. Na palipo na afisi, anaelezwa habari za taratibu na idhini. Mwandishi hatwambii kwamba serikali ile ilikuwa imepotea njia. Anatuonyesha mtu mwenye jeraha usoni akizunguka penye majivu kutafuta sahihi, basi.

Ngazi ya pili ndiyo kiini cha makala haya. Shajara ya Yasuko ilinakiliwa ili iwe wakili wake. Ni kweli kwamba hakuwa katikati ya mji bomu lilipolipuka, na kwa hilo uvumi wa kijiji ni uongo. Lakini shajara hiyo hiyo inaeleza kwamba alinyeshewa na mvua nyeusi, na madoa yake hayakutoka kwa kuoshwa. Msichana alipoandika maneno hayo, hakujua kuwa ile ni sumu. Siku anaponakiliwa, kila mtu anajua. Hati ya utetezi imegeuka ushahidi wa upande wa pili.

Shigematsu na mkewe wanashauriana: je, sehemu ya mvua iachwe? Hebu msomaji atue hapa. Hawa si watu waongo. Ni wazazi walezi wanaotaka binti yao aolewe. Wakiiacha, nakala itakuwa ya uongo, na mshenga anaweza kuitaka shajara yenyewe. Wakiiweka, wanamwangamiza. Nasi wasomaji tumekwisha kuisoma. Siri imetufikia kabla haijamfikia mshenga.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii huiona kweli ikifuata nyuma ya uvumi, na ndivyo ilivyo kwa Yasuko: walilolisema majirani halikuwapo, ila likaja. Usiitumie methali hii katika jawabu lako kuwatetea majirani, lakini. Walisema kwa nia ya kutenga. Kuugua kwa Yasuko hakuyatakasi maneno yao.

Ishara na Jazanda

Wino. Shigematsu anachagua kunakili kwa brashi na wino wa jadi, kwa kuwa wino wa kalamu wa kisasa hufifia miaka ikipita. Ni jambo dogo, lakini linafichua nia ambayo mwenyewe hajaikiri. Anayeandika barua ya posa hahitaji wino wa kudumu vizazi. Kabla posa haijavunjika, mkono wake ulikwisha kuanza kuandikia watu ambao hajawaona.

Samaki. Shigematsu na rafiki zake wawili, wagonjwa kama yeye, hawawezi kazi nzito. Wanaamua kufuga samaki aina ya karpi. Kijijini wanasimangwa kuwa wavivu wanaoota jua na kuvua samaki wakati wenzao wanalima. Maradhi ya mionzi hayana kovu la kuonyesha kila siku, kwa hiyo mgonjwa hushtakiwa kwa uvivu. Samaki wachanga wanaofugwa na watu wanaokufa ni jazanda ya uhai unaoendelea, ila haifuti uchungu wa masimango.

Upinde wa mvua. Mwishoni Shigematsu anaitazama milima na kujiambia kwamba ukitokea upinde wa rangi nyingi, Yasuko atapona. Anajua hautatokea. Riwaya inakoma hapo. Linganisha na mvua nyeusi ya mwanzo: mvua ileile iletayo upinde ndiyo iliyoleta madoa.

Usawiri wa Yasuko: Dosari au Makusudi?

Mhakiki mzuri hasifu tu. Yasuko ndiye sababu ya masimulizi yote, lakini sauti yake ni fupi kuliko zote. Shajara yake inachukua kurasa chache. Baada ya hapo anasemewa na mjomba, na kumbukumbu za ugonjwa wake zinaandikwa na Shigeko. Mwanzoni anazificha dalili zake kwa haya. Husemwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tujiulize ni nani aliyemfunza kuficha. Msichana ambaye mwili wake umejadiliwa na kijiji kizima kwa miaka angeutangazaje tena ugonjwa wake?

Unaweza kuhoji kuwa hii ni dosari: mwandishi mwanamume amemnyima mhusika wa kike nafasi. Unaweza pia kuhoji kuwa ni makusudi, na kwamba ukimya wake unaakisi jinsi jamii ilivyomfanya bidhaa ya kukaguliwa kabla ya kuposwa. Mimi naelekea kwenye hoja ya pili, ingawa sidai kuwa ya kwanza haina mashiko. La muhimu ni uitetee hoja yako kwa matukio ya riwaya.

Ukumbusho Nje ya Kitabu

Swali la nini kiandikwe na nini kiachwe halikubaki riwayani. Katika bustani ya ukumbusho ya Hiroshima kuna mnara wa wahanga wa Kikorea, maana Wakorea wengi walikuwamo mjini siku ile. Ulijengwa mwaka wa 1970 nje ya bustani hiyo, ukahamishiwa ndani mwaka wa 1999. Nao watu walionyeshewa na mvua nyeusi nje ya mipaka iliyowekwa na serikali walikaa miongo mingi bila kutambuliwa kuwa manusura. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ya Hiroshima iliamua kuwa walalamishi 84 watambuliwe, na serikali haikukata rufaa. Mwaka wa 2024 Tuzo ya Nobeli ya Amani ilipewa Nihon Hidankyo, chama cha manusura kilichoundwa mwaka wa 1956, na ushuhuda wao ulitajwa miongoni mwa sababu.

Kuna ukurasa mwingine ambao sisi wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kuuulizia. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mpango wa kuunda mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, eneo ambako Kiswahili husemwa. Wachimbaji wale waliyashika madini kwa mikono yao. Shajara yao iko wapi?

Hitimisho

Turudi kwenye sentensi ya mwanafunzi. Ibuse analaani vita, naam. Lakini dhamira yake inakwenda mbali zaidi: anaonyesha kwamba ukumbusho wa kweli huanza pale mwandishi anapoacha kuchagua yanayomfaa. Shigematsu alianza kuandika ili kumwokoa mtu mmoja. Alishindwa kumwokoa. Aliendelea kuandika hata hivyo, mpaka siku ya tarehe 15 Agosti, wenzake walipokusanyika kusikiliza redio ikitangaza kushindwa, naye akatoka nje akatazama vitoto vya mikunga vikipanda mto. Aliliandika na hilo.

Mwalimu, usiwape wanafunzi wako idadi ya waliokufa peke yake. Wape na madoa yasiyotoka kwa kuoshwa, kisha uwaulize wangefanya nini wao na ule ukurasa.

Maswali ya Marudio

1. "Hati ya utetezi imegeuka ushahidi wa upande wa pili." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea shajara ya Yasuko.
2. Eleza jinsi wino, samaki na upinde wa mvua vinavyoendeleza maudhui ya ukumbusho.
3. Je, ukimya wa Yasuko ni dosari ya kisanaa au ni mbinu ya makusudi? Jadili pande zote mbili.
4. Chagua kazi moja ya Kiswahili uliyoisoma inayotumia barua au shajara. Linganisha dhima ya mbinu hiyo na ilivyo katika riwaya hii.